Kamba Inayorudi na Kichuma cha Nusu Mwezi

FUNDI, NISAIDIE
Maswali ya wasomaji, yanajibiwa kutoka banda la ufundi la Chikongola, Mtwara

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Ndanda, nalima nyanya na mchicha bondeni, upande wa mto Lukuledi. Nina mashine ya maji ya inchi mbili, ya petroli, ile ya Kichina inayofanana na Honda GX160. Mwezi wa nane konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, ilikatika nikiwa shambani, mashine ikazima ghafla kama mtu aliyekabwa koo. Fundi wa hapa kijijini akaifungua, tukanunua konrodi, pistoni, ringi na gasketi, akafunga upya. Tangu siku hiyo sina raha. Nikivuta kamba inakuja vizuri mwanzoni, halafu inarudi kwa nguvu. Mara mbili imeniumiza vidole, mara moja imekata mpini. Ikirudi hivyo inatema moshi kwenye kabureta, pwaa! Ikibahatika kuwaka inagonga kama mtu anayepiga bati, na ikianza kuvuta maji inachemka na nguvu inaisha. Nimeshanunua koili mpya, plagi mbili na kabureta. Fundi anasema taimingi, yaani wakati wa plagi kupiga moto, imekosewa, kwa hiyo ametanua matundu ya ile koili mpya kwa tupa ili aisogeze. Imesogea, lakini teke ni lile lile. Mchicha umeshakauka, nyanya bado zinanisubiri. Nifanyeje, au niiuze chuma chakavu?

Msomaji, Ndanda

JIBU

Marahaba mwanangu, pole ya vidole. Uliandika namba ya simu chini ya barua, nami nilikupigia jioni ile ile kabla sijaanza kujibu. Nilikuuliza swali moja tu: wakati wa kufunga flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku, nani aliitazama kii? Ukakaa kimya kidogo, kisha ukasema, "Kii ipi tena, fundi?" Nikaagiza chai, maana ugonjwa ulikuwa umeshajitaja wenyewe.

Wengine nanyi msikilize, kwa sababu barua ya namna hii hunifikia kila kiangazi, mito inapopungua na kila mwenye bustani anapokumbuka mashine iliyolala stoo.

Mashine hii haina taimingi ya kurekebisha. Haina kisahani cha kuzungusha kama distribyuta ya gari la zamani, haina skrubu ya kukaza na kulegeza. Moto wa plagi unatokea pale sumaku iliyomo kwenye flaiwili inapopita mbele ya koili, inayozalisha umeme wa cheche. Na flaiwili imekaa wapi juu ya kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni? Hilo limeamuliwa kiwandani na kii, kichuma kidogo chenye umbo la nusu mwezi. Nusu yake imezama kwenye mfereji wa kranki, nusu nyingine imeingia kwenye mfereji wa flaiwili. Kwenye GX160 za zamani moto unapigwa digrii 25 kabla pistoni haijafika juu kabisa, na mashine nyingi zilizonakiliwa kutoka kwake zimefuata mpango huo huo. Mtu akikwambia "nimekurekebishia taimingi" ya mashine hii bila kugusa flaiwili, mwombe akuonyeshe alichokishika.

Kwa nini moto upigwe kabla, usingoje pistoni ifike juu? Kwa sababu petroli haiungui yote mara moja. Inahitaji muda, mfupi mno, lakini pistoni nayo haikai kusubiri. Injini inataka msukumo mkubwa uje pale pistoni imeshageuka na kuanza kushuka. Fikiria watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, mchi huu ukishuka ule unapanda. Mmoja akiwahi kidogo tu, michi inagongana hewani na mikono inakufa ganzi. Ndicho kinachokupata kwenye kamba. Moto unawahi, gesi inavimba pistoni ikiwa bado inapanda, inarudishwa chini, na kranki inazunguka kinyume pamoja na kamba na vidole vyako. Ikizunguka kinyume, valvu ya kuingiza hewa inafunguka wakati ndani bado kuna moto, ndiyo maana unaona moshi unatoka kwenye kabureta. Kabureta haikuwa na kosa. Ile uliyonunua ifunge kwenye nailoni, itakufaa siku moja.

Sasa turudi siku konrodi ilipokatika. Kranki ilisimama papo hapo. Flaiwili ni nzito na ilikuwa inazunguka kwa kasi, haikujua kwamba mwenzake amesimama. Ikaendelea mbele kidogo, ikaikata kii nusu na kujibana hapo. Ikisogea mbele hivyo, sumaku inafika kwenye koili mapema, na moto unawahi. Kuna wakati inakuwa kinyume chake. Nati ya flaiwili ikiwa imelegea, kranki inapopigwa na moto inatangulia na flaiwili inabaki nyuma, basi moto unachelewa. Hapo kamba hairudi, bali mashine inakuwa nzito kuwaka, haina nguvu, na ekzosi inachemka sana kwa sababu mafuta yanamalizia kuungua huko nje. Kwa hiyo ninyi mnaoandika "taimingi imekosewa", niambieni kwanza kama kamba inarudi au hairudi. Hilo linanisaidia kuliko picha kumi za mashine kwa nje.

Na tusidharau udogo wa kosa. Chukua kalamu. Shafti ikiwa na kipenyo cha milimita 20 pale kii inapokaa, mzunguko wake ni karibu milimita 63. Gawa digrii 360 kwa 63, utaona kila milimita 1 ya kusogea ni karibu digrii 6. Kii ikiliwa milimita 2, umepotea digrii 11 na ushei. Injini iliyotakiwa kupiga moto digrii 25 kabla inapiga 36.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini tupa ya fundi wako haikufua dafu. Pembeni mwa flaiwili mzunguko ni mkubwa. Tuseme umeupima ukapata milimita 540, digrii 1 ni milimita 1 na nusu. Kurudisha digrii 11 kwa kuisogeza koili angetakiwa aisogeze kama milimita 17, na mguu wa koili hauna nyama ya kutanua kiasi hicho. Amepata labda milimita 2, yaani digrii 1 na kidogo, na ameharibu koili iliyokuwa nzima. Lakini usimseme sana. Konrodi na ringi amefunga vizuri, umeniambia haitoi moshi kwenye ekzosi na hailambi oili. Aliyejifunza kwenye pikipiki akaletewa mashine ya maji hukosea papo hapo. Mimi mwenyewe mashine yangu ya kwanza ya namna hii niliibadilishia koili mbili kabla mtu mwenye adabu hajanifungulia macho.

Siku ya tatu ulinitumia picha ya kii juu ya kiganja, pembeni yake kijiti cha kiberiti. Nzuri sana hiyo picha, ina ngazi katikati kama jino la panya. Niliwaonyesha vijana wangu bandani. Mmoja akasema mbona haijakatika, bado ni kipande kimoja. Ndipo wengi wanapodanganyika! Wanasubiri kuona vipande viwili. Kii yenye ngazi imeshakwisha, hata kama inaingia mahali pake na flaiwili inakaa.

Ulivyoifungua nimefurahi, kwa hiyo naandika kwa ajili ya wengine watakaofuata. Chomoa kwanza kofia ya plagi uiweke mbali. Toa kava ya kamba. Nati ya flaiwili ni ya boksi namba 19. Usizuie flaiwili kwa kuchomeka bisibisi kwenye mapezi, yanavunjika kama biskuti, na pezi likivunjika flaiwili inatetemeka maisha yake yote. Zungushia mkanda imara, hata wa begi la shule, mwenzako auvute kwa nguvu, wewe gonga mkono wa spana kwa kushtukiza. Kutoa flaiwili tumia pula, kile chombo cha kuivutia nje. Nyundo juu ya ncha ya kranki ndiyo iliyonipa nusu ya wateja wangu: meno ya nati yanafumuka, sumaku zinapata ufa, na mtu anakuja kulalamika kwamba vyuma vya siku hizi ni vibovu.

Kurudisha ndiko kwenye siri. Watu wanadhani kii ndiyo inayoshika flaiwili isizunguke. Siyo. Angalia shafti, pale mwisho imechongwa kama koni, na tundu la flaiwili nalo ni koni. Vinavyoshikana ni hizo koni mbili zikibanwa na nati. Kii inaonyesha mahali tu. Kwa hiyo koni zote mbili zisafishwe kwa petroli na kitambaa, zikauke kabisa. Usipake grisi wala oili ati ili iwe rahisi kutoa siku nyingine. Ukipaka, mzigo wote unaangukia kile kichuma kidogo, na hakikuumbwa kwa kazi hiyo. Weka kii mpya ya kipimo chake. Nimeshatoa vipande vya msumari humo, nimetoa na kipande cha spoku ya baiskeli. Msumari ni wa duara na mfereji ni wa pembe, unacheza, na taimingi inacheza nao. Bei ya kii ni ndogo kuliko nauli yako ya kuja huku kunisalimia.

Nati ikazwe nyutoni-mita 75. Kama huna spana ya kipimo, chukua mkono wa spana wa sentimita 30 ubonyeze mwishoni kwa uzito wa kilo 25 hivi, yaani kama umeulaza nusu mfuko wa saruji pale kwenye ncha. Kisha rudisha koili ya zamani. Ndiyo, ile uliyoitupa kwenye ndoo. Haikuwa na kosa na matundu yake ni mazima. Nafasi kati ya koili na flaiwili ni milimita 0.4. Asiye na fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, achukue karatasi ya kawaida ya kuprinti, ambayo unene wake ni karibu milimita 0.1, aikunje ipate tabaka nne, aiweke katikati, aache sumaku iivute koili, akaze boliti, kisha aizungushe flaiwili itoe karatasi yenyewe.

Baada ya hapo, ukivuta kamba na bado ikirudi, ndipo nitakubali kwamba kuna jambo jingine, nalo litakuwa ndani, kwa sababu mlifungua hadi kranki. Gia ya kranki ina nukta na gia ya kamshafti, shafti inayofungua valvu, ina nukta. Wakati wa kufunga, nukta mbili hizo lazima zitazamane uso kwa uso. Jino moja likikosewa, valvu zinafunguka wakati usio wao. Unaweza kuchungulia bila kufumua injini yote. Toa kava ya valvu, boliti zake nne ni za namba 10. Zungusha taratibu hadi pistoni ifike juu mwisho wa kutoa moshi, pale valvu ya ekzosi inapojifunga na ya kuingiza inapoanza kufunguka. Zote mbili zinatakiwa ziwe wazi kidogo tu, zikipishana kama watu mlangoni. Ukiona moja imezama sana na nyingine haijaanza, nukta hazikutazamana. Ukiwa hapo, geuza kranki mzunguko mmoja zaidi, upime nafasi za valvu mashine ikiwa ya baridi: kuingiza milimita 0.15, ekzosi milimita 0.20. Na kwenye kamshafti kuna kijikono kinachoinua valvu ya ekzosi kidogo wakati wa kuvuta kamba ili isiwe nzito; kikikwama kwa uchafu au kikafungwa vibaya, kamba inakuwa ngumu na teke linakuwa kali zaidi.

Kuna msomaji wa Nachingwea aliwahi kuniambia kwamba amefunga mashine "mia themanini nje", yaani moto umekosewa digrii 180, nusu duara nzima. Kwa moto, haiwezekani hapa. Flaiwili iko juu ya kranki, sumaku inapita kila mzunguko, kwa hiyo plagi inapiga moto kila mzunguko, wa kazi na wa bure. Hakuna cha kugeuza.

Mnaniuliza pia kama kuna namna ya kuona taimingi kwa macho. Bandani nina taa ya taimingi inayobana waya wa plagi na kula betri ya pikipiki. Kwanza natafuta juu kabisa. Plagi ikiwa nje, naingiza chelewa nene ya ufagio, mbichi isije ikakatikia ndani, naishika kwa vidole viwili. Pale juu pistoni inakawia, huwezi kujua nukta yenyewe, kwa hiyo natia alama kwenye flaiwili chelewa ikiwa imebakiza milimita 5 kufika, na nyingine ikiwa imeshuka milimita 5, kisha katikati ya hizo mbili ndipo penyewe. Kutoka hapo napima kwa futi ya fundi cherehani, jirani yangu mama mmoja ananiazima kwa manung'uniko, milimita 37 na nusu kuelekea upande flaiwili inakozungukia, kama mzunguko wake ni 540. Alama natia kwa rangi ya kucha, nyeupe. Siwashi injini ikiwa wazi hivyo, vidole ninavyo kumi tu. Naacha plagi nje, nimeigusisha kwenye bodi mbali na tundu lake, koki ya petroli nimefunga, kisha naizungusha injini kwa drili iliyoshika nati ya flaiwili, upande wa kukaza. Taa inamulika, alama inasimama mbele ya kinyooshi changu. Lakini sijawahi kupata jibu la taa lililopingana na jibu la kii. Ukiwa na kii nzima na flaiwili ya mashine yenyewe, umeshamaliza. Nasema ya mashine yenyewe kwa sababu flaiwili ya nyingine inaweza kuingia vizuri kabisa kumbe sumaku yake imewekwa pengine.

Ijumaa ukanipigia, nyuma yako nasikia maji yanapiga kwenye ndoo. Mvuto wa pili imewaka. Sasa nikuulize mimi: konrodi ilikatika kwa nini? Mashine hii haina pampu ya oili. Konrodi ina kijiko chini kinachochota oili na kuirusha. Ukiiweka mashine kwenye mtelemko wa ukingo wa mto, kama wote mnavyofanya ili mpira ufike majini, oili inakimbilia upande mmoja na kijiko kinachota hewa. Chimba kijukwaa, hata kwa jembe, ikae sawa, na kila asubuhi tazama kiwango. Inabeba lita 0.6 tu, haina akiba ya kuchezea.

SWALI

Habari za kazi fundi. Mimi ni mzee wa Tandahimba, nina mikorosho yangu. Mashine yangu ya kupulizia salfa nilimpa kijana aisafishe kaboni na kubadilisha ringi. Sasa inawaka vizuri, inapuliza dakika ishirini hivi, halafu inazima. Nikiipumzisha nusu saa inawaka tena. Wanasema ni taimingi.

Msomaji, Tandahimba

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Taimingi haichoki wala haipumziki. Iliyokosewa imekosewa asubuhi na mchana. Kinachozima kwa joto na kufufuka kwa baridi ni koili inayokatika waya ndani ikichemka, au mafuta yanayoshindwa kushuka kwa sababu kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tanki kimezibwa, na kwa mashine ya salfa kuzibwa ni jambo la kila siku. Ikizima tu, usingoje. Legeza kifuniko cha tanki, ukisikia inavuta pumzi, kisha ikawaka mara moja, umepata jawabu bure. Kama haikuvuta pumzi, kagua moto wa plagi hapo hapo ikiwa bado ya moto. Ukiwa dhaifu wa rangi ya njano, au haupo, ni koili. Ila ukaguzi huo ufanye mbali na mkorosho uliokwisha kupuliziwa, tanki la salfa likiwa tupu na limepanguswa. Unga wa salfa unashika moto kwa cheche ndogo kuliko mnavyodhani. Kile kimnyororo au kijiwaya kinachoburuta chini msikikate ati kinanasa kwenye majani. Kinashusha umeme unaozaliwa na unga ukipita kwenye bomba.

Kama ni koili, kabla ya kununua fungua kava. Salfa ikikaa humo tangu msimu uliopita, na umande wa alfajiri ambao ndio wakati wenu wa kupuliza, inakula chuma. Kutu inajaa kwenye sumaku na miguu ya koili, na mapezi ya silinda yanaziba, injini inakosa upepo. Safisha kwa brashi kavu na msasa laini, usioshe kwa maji. Mwulize na kijana alichanganyaje oili. Kuna mashine za 25 kwa 1, yaani mililita 40 za oili kwa lita ya petroli, na kuna za 50 kwa 1, mililita 20. Kipimo cha kifuniko cha soda, "vifuniko vitatu vinatosha", kimeua pistoni nyingi huko juu kwenu kuliko ugonjwa wa ubwiri unga ulivyoua maua ya mikorosho.

SWALI

Shikamoo fundi. Nasoma ufundi wa magari Lindi, mimi ni msichana peke yangu darasani. Mwalimu anatufundisha kupanga platini, vile vichuma viwili vya injini za zamani vinavyofunguka na kufunga kuamua moto, wenzangu wanacheka kwamba ni kupoteza muda, siku hizi kila kitu ni koili ya elektroniki. Wewe unasemaje?

Msomaji, Lindi

JIBU

Marahaba binti yangu. Waache wacheke, wewe pima. Platini ndiyo shule pekee ambayo utaiona taimingi kwa jicho na kuishika kwa kidole. Zikifunguka, moto unapiga. Ukizipa nafasi kubwa zinafunguka mapema na moto unawahi. Ukizipa ndogo moto unachelewa. Kisigino chake, kinachosuguliwa shafti ikizunguka, kikilika kidogo kidogo, nafasi inapungua yenyewe na injini inakuwa mvivu mwezi hadi mwezi, mwenye mashine hata hashtuki. Mtu aliyeelewa hilo, ukimpa kii yenye ngazi hahitaji kuambiwa.

Mimi nilifundishwa na mjomba, Mikindani, na kwetu mjomba akisema umesema ukoo. Hakuwa na taa wala mita. Alikuwa na kijikaratasi cha kusokotea sigara. Anakibana kati ya platini, anakivuta polepole sana kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unazungusha flaiwili, na pale karatasi inapoachia, ndipo platini zimefunguka. Anatazama alama. Kama hazikukutana anasogeza, anaanza upya. Nafasi aliipanga milimita 0.4, kwa fila geji iliyokuwa imelika pembe, akaja kuifunga kwenye kitambaa kama dhahabu ya bibi harusi.

Siku moja alikosa. Ilikuwa pikipiki ya mafuta ya kuchanganya, ya mwalimu mmoja, nasi tulikuwa na haraka maana futari ilikuwa imekaribia. Moto ukapangwa ukichelewa mno, karibu na juu kabisa. Injini ya namna hiyo, ya kuchanganya, ina tabia mbaya: moto ukikaa hapo, na kiki ikarudi nyuma kidogo, inaweza kuwaka ikizunguka kinyume, na inanguruma sawasawa tu, huwezi kujua kwa kusikia. Mjomba akapanda, akatia gia ya kwanza, akaachia klachi akitazama mbele kwenye barabara ya bandarini. Pikipiki ikaenda nyuma, ikaingia kwenye meza ya mama aliyekuwa anauza pweza.

Tulifuturu pweza siku ile, tuliwalipia wote.